Diski Iliyopotea Kimya: Uchambuzi wa Kisa cha Seva ya Nyumbani

Kwa siku 11 seva iliyopo nyumbani kwa wazazi wangu, Tanga, yaani kompyuta ndogo inayotunza na kugawa mafaili ya familia, iliendelea kuwaka, ikajibu kila nilipoiulizia kutoka Dodoma, ikapokea mafaili ya mama, na kila usiku saa nane ikafanya kazi yake ya kuhifadhi nakala, ilhali diski yenye nyaraka na picha zote za familia haikuwamo tena ndani ya mfumo. Ukiacha saa tatu ambazo umeme ulikatika, hakuna kilichozima wala kilichopiga kelele. Katika siku hizo nakala ya akiba ya miaka mitatu ilifutwa yote, na aliyeifuta ni programu iliyokuwa ikitekeleza hasa kile nilichoiagiza. Ninakiandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu mpangilio niliokuwa nao ni wa kawaida kabisa, na ninaamini kwamba wengi wanaoendesha programu huria kwenye vifaa vidogo vya nyumbani wanao kama ulivyo, mstari kwa mstari.

Mashine na kazi zake

Seva yenyewe ni Raspberry Pi 4 yenye GB 4 za kumbukumbu, toleo lililoanza kuuzwa Juni 2019. Mfumo wake endeshi ni Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, nao unakaa kwenye memori kadi. Data inakaa kwenye diski ya nje ya inchi 2.5 yenye ukubwa wa TB 1, inayopata umeme wake kwa waya uleule wa USB unaopitisha data. Kazi zake ni tatu. Samba inafungua folda ya pamoja ambayo kompyuta ya mama inaiona kama diski yake nyingine. Syncthing inavuta picha kutoka kwenye simu za nyumbani. Na Jellyfin inawaonyesha wazazi video za harusi na misiba ya ukoo kwenye televisheni ya sebuleni. Chumbani kwa baba kuna kompyuta mpakato kuukuu iliyovunjika kioo, nayo ndiyo iliyokuwa ikipokea nakala ya kila usiku kwa programu ya rsync.

Sababu za kuiweka mashine hiyo hazikuwa za kishabiki. Ilipofika tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kutoa nafasi isiyo na kikomo bila malipo, na simu za nyumbani zikaanza kudai nafasi kila wiki. Baadaye, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Siku hizo mama aliendelea kufungua mafaili yake kama kawaida kwa sababu yalikuwa hatua kumi kutoka mezani pake. Mama ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 24 wanaokutana kila Jumamosi, na hesabu zote za hisa, mikopo na marejesho zimo kwenye faili moja la LibreOffice. Baba, mwalimu mstaafu, amepiga skani hati za shamba la minazi, vyeti, na barua za tangu enzi za babu. Kwa hiyo ninaposema data ya familia sisemi sinema zilizopakuliwa.

Umeme unaotumika ni kidogo mno. Nilipopima, mashine pamoja na diski vilikuwa vikivuta wati 6 hivi kwa wastani, yaani uniti 4.32 kwa mwezi wa siku 30. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, hiyo ni shilingi 1,540 hivi za LUKU kwa mwezi. Nilijivunia sana hesabu hiyo, na sasa naona kwamba ndiyo iliyotupumbaza. Kifaa kinachovuta wati 6 kinaonekana kuwa ni cha jamii ya simu. Kila mtu nyumbani, mimi nikiwa wa kwanza, alikichukulia hivyo, na simu huchajiwa kwa chaja yoyote iliyo karibu.

Jambo moja zaidi linahitajika kabla ya kuingia kwenye kisa. Intaneti ya nyumbani ni ya laini ya simu, na anwani ya intaneti (IP) tunayopewa imo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa mwaka 2012 ili kampuni za mawasiliano ziweze kuwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Mtu aliye nje hawezi kuifikia nyumba moja kwa moja. Nimekodi seva ndogo iliyo hadharani, na mashine ya Tanga inajiunga nayo kwa WireGuard, teknolojia ya njia ya siri iliyoingizwa ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Kwenye seva hiyo ya kukodi nilikuwa na programu ndogo iliyoiuliza mashine ya nyumbani kila baada ya dakika tano kama ipo. Iliuliza hilo tu.

Siku 11

Mdogo wangu alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Chaja yake ilikuwa inachaji polepole, akaona kwamba ya seva ina kichwa kilekile cha USB-C na ina nguvu zaidi, akaichukua. Hakuiacha seva gizani. Alichomeka chaja yake mahali pa ile aliyoichukua, akasubiri hadi taa ikawaka, akahakikisha na kwenye televisheni kwamba video zinacheza. Jumatatu akapanda basi kurudi Morogoro, chaja ya seva ikiwa ndani ya begi. Ninalisisitiza hili kwa sababu alichofanya ni uangalifu wa kweli kwa kadiri ya ujuzi wake: alibadilisha, akajaribu, ikafanya kazi.

Alhamisi jioni nilipiga simu nyumbani. Baada ya shikamoo na habari za huko, mama akasema, "Mwanangu, hicho kijisanduku chako kinapepesa taa."

"Kupepesa ni kawaida yake mama, ndiyo kinafanya kazi."

"Haya, mie nimekwambia."

Kwenye Raspberry Pi 4 kuna taa mbili. Ya kijani hupepesa kila memori kadi inaposomwa au kuandikwa, na kupepesa kwake ni uzima. Nyekundu ni ya umeme. Hiyo inatakiwa iwake bila kutikisika, na ikipepesa maana yake ni kwamba volti imeshuka chini ya kiwango. Mama alikuwa akiitazama nyekundu. Swali la taa ipi lingechukua sekunde tatu, na sikuliuliza.

Usiku huohuo, saa nne na dakika 40, diski ilijitoa kwenye mfumo. Kumbukumbu za mfumo (logi), nilizozisoma baadaye, zinaonyesha onyo la volti kushuka, na papo hapo taarifa kwamba kifaa cha USB kimeondoka. Saa nane usiku rsync ikaanza kazi yake. Amri niliyoiandika ilikuwa na chaguo la --delete, ambalo maana yake ni kwamba lolote lisilokuwapo kwenye chanzo lifutwe pia kwenye nakala, ili vitu viwili vifanane daima. Usiku huo haikufuta kitu. Kila ilipojaribu kuisoma folda ilijibiwa kwamba kuna hitilafu ya kusoma, na waandishi wa rsync waliweka kinga hapo: chanzo kikitoa hitilafu ya kusoma, kufuta kunasitishwa. Ilirekodi kosa hilo kwenye kumbukumbu ambazo hakuna aliyezisoma, ikaacha nakala salama.

Ijumaa saa tatu asubuhi umeme ukakatika Tanga, ukarudi saa sita mchana. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ni vizuri kueleza kwa utaratibu. Mashine ilipowaka upya, diski nayo ilitakiwa kuanza kuzunguka wakati uleule, na chaja haikuweza kuvibeba vyote viwili. Diski haikupatikana. Kwenye faili la fstab, linaloiambia Linux ni diski gani ipachikwe wapi, yaani ionekane kupitia folda ipi, nilikuwa nimeandika nofail, yaani diski isipopatikana mfumo uendelee kuwaka bila hiyo. Kwa hiyo mfumo ukawaka. Folda ambayo kwa kawaida diski hupachikwa juu yake ikabaki kuwa folda ya kawaida, tupu, iliyomo ndani ya memori kadi. Samba ikaanza, ikaifungua folda hiyo tupu kwa moyo mkunjufu. Njia ya WireGuard ikaunganika. Programu yangu iliyouliza kama mashine ipo ikajibiwa kwamba ipo.

Saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi rsync ikaisoma folda tupu. Mara hii hapakuwa na hitilafu yoyote ya kusoma. Folda ilisomeka vizuri sana. Haikuwa na kitu. Basi rsync ikafanya kama ilivyoagizwa, ikafuta GB 410 kwenye kompyuta ya chumbani kwa baba ili nakala ifanane na chanzo. Diski iliyokuwa mgonjwa usiku wa kwanza haikuidhuru nakala. Diski isiyokuwapo kabisa ndiyo iliyoimaliza.

Asubuhi mama akafungua kompyuta yake ajiandae kwa kikao, akakuta folda haina faili. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakunipigia simu, akasema alidhani mtandao unasumbua na hakutaka kunitoa kazini kwa jambo dogo. Mwenyekiti wa kikoba alikuwa na nakala ya wiki iliyopita kwenye WhatsApp. Mama akaiomba, akaihifadhi tena kwenye folda ileile, akaendelea. Jumamosi ile na iliyofuata aliingiza marejesho ya vikao viwili kwenye faili hilo jipya, lililokuwa likikaa kwenye memori kadi bila yeye wala mimi kujua.

Syncthing peke yake ndiyo iliyokataa. Programu hii, inapoanza kushughulikia folda, huweka ndani yake alama ndogo iitwayo .stfolder, na kila inapotaka kufanya kazi huitafuta kwanza. Isipoiona, haichukulii kwamba picha zote zimefutwa. Inachukulia kwamba folda yenyewe haipo mahali pake, inasimama, na inaandika kosa kwenye ukurasa wake. Kwa siku zote 11 haikupokea hata picha moja, na picha zikabaki kwenye simu zikisubiri. Ukurasa ule hakuna aliyeufungua, lakini hata hivyo hakuna picha iliyopotea.

Jumatatu ya pili baba akanipigia. Alihitaji hati ya shamba, kulikuwa na mazungumzo ya mpaka na jirani, na kwenye kompyuta haikuonekana. Niliingia kwenye mashine kupitia ile njia ya siri nikiwa mezani kazini. Folda yenye mafaili zaidi ya elfu sabini ilikuwa na faili moja. Niliandika amri ya kuangalia diski zilizopachikwa, nikaona kwamba hakuna. Niliingia kwenye kompyuta ya akiba nikakuta nako faili moja. Sitaki kuficha kwamba mikono ilinitetemeka. Nilichoweza kufikiri wakati ule ni kusitisha kazi ya usiku isije ikaendelea, na ninashukuru kwamba nililifanya hilo kabla ya jingine lolote.

Volti 0.4

Kuna amri kwenye Raspberry Pi inayoeleza hali ya umeme, vcgencmd get_throttled. Jibu lilikuwa 0x50005. Tarakimu hizo si fumbo: zinasema kwamba volti iko chini sasa hivi, kwamba kichakato (prosesa) kimepunguzwa kasi sasa hivi kwa sababu hiyo, na kwamba mambo yote mawili yaliwahi kutokea pia kabla ya sasa, tangu mashine ilipowaka. Mashine yenye afya hujibu 0x0. Ilikuwa ikijibu vibaya kwa karibu wiki mbili, kama ningeiuliza.

Raspberry Pi 4 inahitaji chaja ya volti 5.1 inayoweza kutoa ampea 3. Chaja ya mdogo wangu ilitoa volti 5 na ampea 2, kwa waya mwembamba wa mita mbili. Chukua waya wenye ukinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi, kiasi cha kawaida kwa waya wa namna hiyo. Mashine ikiwa imetulia inavuta chini ya ampea 1, volti isiyofika 0.2 inapotea njiani, na kifaa kinapata 4.8 au zaidi. Hapo taa inatulia, video zinacheza, na mtu yeyote angesema kwamba chaja inafaa. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta karibu ampea 1 peke yake kwa sekunde chache. Jumla inakaribia ampea 2, njiani inapotea volti 0.4, na kifaa kinabaki na 4.6. Kiwango ambacho Raspberry Pi huanza kulalamika ni 4.63. Kwa hiyo tatizo halikuonekana kila mtu alipoitazama mashine. Lilitokea hasa katika zile sekunde diski inapoamka au inapojaribu kuamka.

Na iliamka mara nyingi, kwa sababu mimi niliipangia ilale baada ya dakika 20 za kutotumika. Lengo lilikuwa kuokoa umeme. Ukipiga hesabu, usingizi ule uliokoa chini ya wati 1 kwa wastani, yaani shilingi zisizofika 260 kwa mwezi, na kwa malipo hayo kila siku diski ilipitia mara kadhaa katika kipindi kilekile kinachodai umeme mwingi kuliko vyote. Nimeuondoa mpango huo, na kwa maoni yangu haufai kwenye seva yoyote ndogo ambayo diski yake inategemea umeme wa USB.

Ndugu kadhaa niliowasimulia wamesema mara moja kwamba kosa ni la umeme kukatika, na kwamba tununue betri. Sikubaliani nao. Mashine hiyo imekatikiwa umeme mara nyingi katika miaka mitatu na ikaamka salama kila mara, kwa sababu mfumo wa mafaili wa ext4 huweka jarida la mabadiliko na kujirekebisha unapowaka. Kukatika kwa Ijumaa ile kulifichua tu udhaifu uliokuwapo tangu Jumatatu. Betri ingeuficha kwa muda mrefu zaidi.

Faili lililokuwa chini ya diski

Mdogo wangu aliituma chaja kwa basi siku ileile niliyompigia, ikafika Tanga Jumatano mchana. Baba akaichomeka huku nikimwelekeza kwenye simu. Taa nyekundu ikatulia, diski ikapachikwa, na hati ya shamba ikaonekana pamoja na mafaili mengine yote elfu sabini na ushee. Diski haikuwa imepoteza kitu. Ilikuwa nje ya mfumo muda wote. Picha zikaanza kumiminika kutoka kwenye simu.

Saa moja baadaye mama akapiga. Faili la kikoba lilikuwa la wiki mbili nyuma. Vikao viwili havimo.

Kilichotokea ni jambo ambalo kila anayepachika diski kwenye Linux anapaswa kulifahamu. Diski inapopachikwa kwenye folda, vilivyokuwamo kwenye folda hiyo havifutwi wala havihamishwi. Vinafunikwa, kama mkeka unavyofunika kilichopo sakafuni. Faili la mama lilikuwa bado kwenye memori kadi, chini ya diski, na hakuna njia ya kawaida ya kuliona wakati diski iko juu yake. Jumatatu nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, faili moja tu ndani ya folda iliyokuwa na maelfu, na kwa mshtuko sikuuliza kwa nini lipo. Dawa ni fupi: mount --bind / /mnt, amri inayoufungua mzizi wa mfumo mahali pengine bila vilivyopachikwa juu yake. Nilipoingia kwenye /mnt na kuifuata njia ya folda ileile, faili lilikuwapo, na tarehe ya Jumamosi iliyopita.

Lilikuwapo pia kwenye kompyuta ya akiba, kwa kuwa rsync ilikuwa imelinakili huko kila usiku baada ya kufuta mengine yote. Kama nisingeisitisha kazi ile Jumatatu, usiku wa kwanza baada ya diski kurudi ingeiweka nakala ya zamani juu ya ile mpya. Kwa siku 11, basi, data yetu ilikuwa imegawanyika vipande viwili: kila kitu cha zamani kilikuwa na nakala moja tu, kwenye diski inayopigwa na umeme hafifu, na kila kitu kipya kilikuwa mahali pengine. Kama diski ingekufa katika siku hizo, tungebaki na hesabu za vikao viwili na hakuna jingine.

Mama hakunisubiri. Nilipompigia kumwambia faili limepatikana alikuwa ameshafungua daftari la karatasi na anaingiza marejesho upya, mwanachama mmoja baada ya mwingine. Alilinganisha baadaye, na kiasi kikalingana hadi shilingi.

Kukataa

Nikivipanga vyote vilivyochangia, naona kwamba karibu kila kimoja kilikuwa ni uamuzi wa kuifanya mashine iendelee kwa vyovyote vile. Chaja hafifu iliiwasha. Nofail iliiamsha bila diski. Samba ilifungua folda tupu. Programu ya kuulizia ilijibiwa. Rsync ilitii. Kwenye mashine yenye mtu mbele yake tabia hiyo inastahimilika, kwa sababu mtu ataona. Kwenye kisanduku kilichopo juu ya kabati, kinachohudumiwa na mtu aliye Dodoma, ni hatari, na Syncthing ndiyo iliyoonyesha namna bora: haikuona alama yake, ikakataa kufanya kazi.

Sikuiondoa nofail, ingawa wengi hushauri hivyo. Debian ikikosa diski iliyoandikwa kwenye fstab bila nofail huingia katika hali ya dharura na kusubiri mtu mwenye kibodi na skrini, na hapo ningepoteza hata njia yangu ya kuingia. Mashine iwake, huduma ndizo zikatae. Nilichofanya ni kuongeza mstari wa RequiresMountsFor kwenye maelezo ya huduma ya Samba na ya Jellyfin, ili systemd, programu inayoanzisha huduma zote za mfumo, isizianzishe iwapo folda husika haijapachikiwa diski. Kisha, diski ikiwa imetolewa, niliipa folda tupu alama ya kutobadilika kwa chattr +i. Kuanzia hapo hakuna programu, hata ile yenye mamlaka ya juu kabisa, inayoweza kuandika humo diski isipokuwapo. Diski ikipachikwa alama hiyo haina athari, kwa kuwa ni ya folda iliyo chini. Kama msomaji atafanya jambo moja tu kati ya haya yote, naomba liwe hili, kwa sababu ni amri moja na inazuia nusu ya kisa kizima.

Nakala za akiba zimebadilika zaidi. Badala ya rsync sasa natumia restic, inayohifadhi picha ya hali ya kila usiku bila kuigusa ya jana. Kabla ya kuanza, programu fupi ya amri (skripti) inauliza kwa amri ya mountpoint kama diski imepachikwa kweli, isipokuwapo, inasimama. Na kompyuta ya chumbani kwa baba inaendesha rest-server, programu inayopokea nakala za restic, kwa chaguo la --append-only, maana yake inapokea vipya na inakataa kufuta vya zamani hata ikiagizwa na seva yenyewe. Kusafisha vya zamani kunafanyika kwenye kompyuta hiyo tu. Nakala ya kwanza ilichukua usiku mzima na nusu ya siku, kwani kichakato cha Raspberry Pi 4 hakina maelekezo maalumu ya kusimba data kwa AES, mbinu ya kuificha ambayo restic hutumia, na kazi yote inafanywa kwa nguvu ya kawaida. Za baada ya hapo huchukua dakika chache.

Ujumbe nao umegeuzwa. Zamani nilitaka kuarifiwa pakiwa na tatizo, na mashine isiyojua kwamba ina tatizo haiwezi kuarifu. Sasa saa kumi na mbili kila asubuhi inatuma kwenye simu yangu na ya baba, kupitia programu huria ya ntfy, mstari mmoja wenye idadi ya mafaili, tarehe ya nakala ya mwisho na jibu la hali ya umeme. Usipofika, ndiyo tatizo. Baba anausoma kama alivyokuwa akisoma daftari la mahudhurio, na mara moja amenipigia kuuliza kwa nini mafaili yamepungua matatu. Mama alikuwa amefuta picha.

Diski sasa inapata umeme wake kwa kitovu cha USB (hub) chenye adapta yake, cha aina isiyorudisha umeme kwenye mashine, na chaja ya seva imefungwa kwa utepe kwenye soketi. Jambo lililobaki lilitoka kwa mama. Sanduku la fedha la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti. Akaniuliza ufunguo wa kile kijisanduku changu unashikwa na nani mwingine. Hakukuwa na mwingine. Sasa nenosiri na maelekezo ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, yamo kwenye bahasha ndani ya kabati la hati, na nakala anayo mdogo wangu.

Nilipokwenda Tanga mwisho wa mwezi tulifanya jaribio tukiwa wote sebuleni. Nilichomoa waya wa diski, nikazima mashine, nikaiwasha. Mama akafungua kompyuta yake. Folda ya pamoja haikufunguka, Windows ikasema haioni njia. Kazi ya akiba nilipoianzisha kwa mkono ilisimama kwenye mstari wa kwanza. Kesho yake asubuhi ujumbe haukufika, na saa kumi na mbili na dakika tano baba akagonga mlango wa chumba nilicholala.

"Amka. Kijisanduku hakijaitikia jina."